Kwa Mwalimu kwa Baiskeli

Mhariri aliponikabidhi kazi ya kuandika maisha ya Mwalimu Nyerere kwa toleo hili la Oktoba, nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nani hamjui Mwalimu? Picha yake ilikuwa juu ya ubao tangu darasa la kwanza, na mtihani wa Historia hauwezi kuisha bila yeye. Nikakaa maktaba siku mbili, nikaandika kurasa nne, nikazisoma. Kuzaliwa, kusoma, TANU, uhuru, Azimio, kufa. Zilikuwa sahihi zote, na hakuna mtu ambaye angezisoma mpaka mwisho. Hata mimi nisingezisoma.

Aliyeniokoa ni Fundi. Fundi ni jina tulilompa jamaa yangu wa Uhandisi ninayekaa naye chumba kimoja, kwa sababu chini ya kitanda chake kuna spana nyingi kuliko viatu. Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye ugonjwa wa baiskeli. Tulianza na Mlimani mpaka Bagamoyo, tukaenda Morogoro siku mbili, tukarudi hatuwezi kukalia kiti cha darasani. Akaniambia kama nataka kumwandika mtu aliyetembea sana, niache kukaa. Kuna watu waliowahi kutoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi Butiama ili wafike kwenye kumbukumbu ya 14 Oktoba. Sisi hatukuwa na muda huo wala miguu hiyo. Tulikuwa na likizo, bumu lililobaki kidogo, na rafiki wa tatu ambaye kwao ni Bunda.

Huyo wa tatu tunamwita Wakili, anasoma Sheria, ni Mwikizu, na kwenye mlima anatuacha wote wawili. Alikubali kutupeleka mkoani kwao kwa sharti moja: nisiandike sifa tupu. Nikamwahidi haraka haraka, kama mtu anayeahidi jambo asilolijua.

Basi bwana, tukapakia baiskeli kwenye buti ya basi, tukalipia kila moja kama abiria, na tukafika Musoma usiku gurudumu langu la nyuma likiwa limepinda kama chapati. Utingo akasema lilikuwa hivyo tangu Ubungo. Fundi alikesha akikaza na kulegeza spoki kwa mwanga wa simu kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Asubuhi gurudumu lilizunguka, likigusa breki kidogo tu, na mguso huo ulinisindikiza safari nzima.

Tulianzia Shule ya Msingi Mwisenge, palepale Musoma mjini, si mbali na ziwa. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aliletwa hapa kutoka Butiama. Jina lake lilikuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Kwa hiyo anaposemwa kuwa mtoto wa chifu, msomaji asifikirie jumba na watumishi. Alichunga mbuzi, alilala kwenye nyumba ya mama yake, na meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya kabila lake kama ya watoto wengine. Husimuliwa kwamba kilichomtoa kijijini ni bao: aliwafunga wazee waliomzidi umri mara nne au tano, na wazee wenye akili wakaona kichwa hicho kisiishie kuhesabu kete.

Kutoka Butiama mpaka Mwisenge ni maili 26, yaani kama kilomita 42. Watu wengine huisimulia kana kwamba alikwenda na kurudi kila siku. Hapana, alikaa hukohuko shuleni, njia hiyo ilikuwa ya kufungua na kufunga shule. Lakini kilomita 42 kwa mtoto ni kilomita 42. Mtaala wa miaka minne aliumaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora, ambako walisomeshwa watoto wa machifu na wachache waliofaulu sana.

Watoto wa Mwisenge walituzunguka wakati wa mapumziko. Hawakutaka kujua lolote kuhusu Mwalimu, walitaka kujua gia zina kazi gani. Fundi akaigeuza baiskeli miguu juu na kuwafundisha mpaka kengele ilipolia. Nafikiri somo lile walilielewa kuliko nilivyoelewa mimi mengi.

Tukatoka mjini kwa kupitia Nyasho na Bweri kuelekea Makutano. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukiliacha mgongoni huteremki tena, unapanda. Si mlima wa kukutisha kwa macho. Ni ule mwinuko wa kinafiki, unaona barabara imelala sawa na huku mapaja yanakwambia mengine. Pande zote mbili kuna yale mawe ya Mara, makubwa kama nyumba, yamepangana juu ya mengine utadhani kuna mtu aliyaweka halafu akaitwa nyumbani kula.

Nyegina hatukuipita, iko nje ya njia yetu, lakini ni lazima niitaje. Huko ndiko Kambarage alikobatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka 21, akachagua jina la Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo wa 1943 aliingia Makerere kusomea ualimu, akamaliza 1945, akafundisha St. Mary's Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh huko Scotland. Alirudi mwaka 1952 na shahada, wakati Watanganyika wenye kitu hicho unaweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Ninachokipenda mimi ni alichofanya aliporudi. Hakwenda kwanza kutafuta cheo. Alikwenda Butiama akachanganya udongo na kujenga nyumba kwa mikono yake, kwa kuwa alitaka kuoa. Januari 1953 akamwoa Maria Gabriel Waningu. Mwenye shahada ya Edinburgh amepanda juu ya ukuta na matope mikononi, watu wa kijiji wanapita wanamwangalia. Sisi tukipata digrii moja tu, ndugu zangu, mama zetu hawaruhusiwi tena kututuma dukani.

Makutano tulikunywa chai ya maziwa na chapati, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Nilikuwa nawasimulia miaka ya hamsini, ambayo kwangu ndiyo mitamu kuliko yote. Mwalimu anafundisha Pugu, mwaka 1953 anachaguliwa rais wa TAA, tarehe 7 Julai 1954 TANU inazaliwa. Machi 1955 anakwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na akirudi wanamtaka achague kati ya chaki na siasa. Anaacha chaki. Anaacha na mshahara, ana mke na watoto, anarudi huku Musoma, na kwa muda anaishi kwa kuwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll na kuwasaidia kutafsiri. Mwaka 1958 anashtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni katika gazeti la chama, anatiwa hatiani, anatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini inalipwa. Miaka mitatu baadaye, 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza inashuka. Na wiki chache tu baada ya hapo, Januari 1962, waziri mkuu huyo anajiuzulu, anamwachia Rashidi Kawawa kiti, anakwenda kukijenga chama vijijini! Desemba mwaka huo anarudi akiwa rais wa jamhuri.

Wakili akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akaniuliza mbona nimeruka kitu cha mwaka 1962. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtu aliyekuwa mbele ya hakimu wa kikoloni mwaka 1958, akapewa mawakili na siku za kujitetea, miaka minne baadaye ametia mkono wake kwenye sheria inayowanyima wengine siku hizo. Hilo nalo niliandike. Nami nikasema nitaliandika, na hili hapa nimeliandika.

Lakini tulipopanda tena baiskeli hakunyamaza. Barabara ya kwenda Butiama inapanda kwelikweli, na kupanda mlima huku unabishana ni jambo baya, kila mmoja anatamka neno moja kwa kila mzunguko wa pedeli. Akaleta chama kimoja cha mwaka 1965. Akaleta wanafunzi wa 1966, na hapo nilijua amenipata, kwa sababu hilo ni jambo letu.

Kwa wasomaji wa mwaka wa kwanza: tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa sehemu tu ya mshahara. Walivaa majoho yao, wakabeba mabango, na baadhi ya mabango yakasema kwamba afadhali enzi ya mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza. Kisha akakasirika kwa namna ambayo nchi haikuwahi kuiona. Akakubaliana nao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akakata wake mwenyewe asilimia 20 palepale, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi wao walirudi masomoni baadaye. Wazee waliokuwepo husimulia nusu ya kwanza au nusu ya pili, kutegemea wanamwambia nani.

Mimi nikasema kwa pumzi iliyobaki kwamba mwaka uliofuata ndio wa Azimio la Arusha, na mtu aliyekata mshahara wake ndiye aliyekuwa na uso wa kuwakataza viongozi wasiwe na nyumba za kupangisha. Wakili akasema kukata mshahara wako hakukupi ruhusa ya kukata kila kitu cha mwenzako. Akakanyaga, akatuacha. Fundi akaniambia kwa upole kwamba gurudumu langu linagusa breki tena.

Butiama ni kijiji tulivu chenye miti na upepo. Pale Mwitongo, kwenye mji wa ukoo, ndipo alipozikwa tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake. Alifariki London tarehe 14 mwezi huo, kwa kansa ya damu, akiwa na miaka 77. Kuna makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Nilitembea ndani taratibu. Nilichokitafuta sikukijua. Labda nilitaka nione kitu cha mtu mkubwa, na nikaona vitu vya mwalimu.

Hapa ndipo alipokuja kukaa alipong'atuka. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, akabaki na uenyekiti wa chama mpaka 1990. Neno kung'atuka ni la kwao, la Kizanaki, yeye ndiye aliyelifikisha kwenye kamusi zetu. Akalima, akacheza bao, akasoma, akaenda misa asubuhi, akatoka kwenda kuongoza Tume ya Kusini na baadaye kusuluhisha Warundi. Kabla ya hapo, katikati ya kazi ya urais, alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare mara mbili: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Huwa najiuliza alipata wapi muda. Mimi insha ya kurasa nne ilinishinda.

Nilipotoka kwenye kaburi nikamkuta Wakili bado yuko nje, amekaa kwenye jiwe na baiskeli tatu. Alisema anazilinda. Hakukuwa na mtu wa kuiba baiskeli pale, kulikuwa na kuku wawili na mzee amelala. Nikataka kumtania, nikaona uso wake, nikaacha.

Usiku, kwenye chumba cha kupanga, alitueleza. Bibi yake mzaa baba alihamishwa mwaka 1974. Nyumba yake ilichomwa, yeye akiwa nje na mtoto mgongoni, ili asipate pa kurudi. Walioichoma walikuwa mgambo, na baadhi yao aliwajua kwa majina. Wakili amelisikia hilo tangu utoto, na alipokuwa mdogo aliogopa picha iliyo juu ya ubao.

Mambo ya mwaka ule yako kwenye vitabu, kwa hiyo nayaeleza kwa kifupi. Mwanzoni ilisemwa vijiji vya ujamaa viwe vya hiari. Watu hawakuhamia kwa wingi uliotarajiwa. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Zikaanza operesheni, moja moja kwa majina ya mikoa. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine kwa miguu, wengine kabla ya kuvuna. Mwalimu mwenyewe hakubeba kiberiti, na alikemea ukatili alipouona. Lakini amri ilikuwa yake, na kiberiti kilifuata amri.

Sikuwa na la kujibu, ila nilikuwa na la kwangu. Novemba 1974, mwaka uleule, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji tuliotoka asubuhi ile, ikapitisha Azimio la Musoma: kila mtoto aingie shule ya msingi, na si mwaka 1989 kama ilivyopangwa mwanzo, bali ifikapo Novemba 1977. Kwetu ni Singida vijijini. Baba yangu aliandikishwa mwaka huo wa 1977, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kushika kalamu kabla yake. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa kijana wa darasa la saba aliyefunzwa haraka haraka, wale waliotaniwa kuwa walimu wa UPE. Darasa lilikuwa chini ya mbuyu. Kama si mkutano ule wa Musoma, baba yangu angechunga ng'ombe za mtu, na mimi nisingekuwa na nafasi ya kumsumbua mhariri wa jarida hili. (Azimio hilohilo, wenzangu, lilisema mtu akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende JKT, afanye kazi miaka miwili, aombewe na mwajiri na chama. Wasichana walipungua sana vyuoni, ikabidi wao waondolewe sharti la kazi. Wanaodhani foleni yetu ya mkopo ndiyo kikwazo cha kwanza katika historia ya chuo hiki wasome kidogo.)

Nikamwambia Wakili habari ya baba. Akasema ni nzuri. Akazima taa.

Kutoka Butiama tulipita Nyamuswa kwenda Bunda, na hii ndiyo sehemu ambayo ningewashauri wenye baiskeli za matairi membamba waiogope. Mahali pengine lami, pengine changarawe, pengine vumbi laini kama unga wa muhogo, unakanyaga na gurudumu linachagua njia lake. Fundi alipata pancha mbili, mimi moja. Kwenye pancha ya tatu sulusheni ikaisha, tukasaidiwa na kijana mwenye kibanda cha kuziba pikipiki, ambaye hakutaka hela baada ya kusikia tunakotoka, akataka tu kuizungusha ya Wakili mara moja. Akaizungusha mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi.

Nilitumia vituo vile kufikiria safari nyingine ya njia ya huku. Oktoba 1967 Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu kwenda Mwanza, kwenye mkutano mkuu wa TANU, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ni zaidi ya kilomita 200, na alikuwa na miaka 45 na nchi ya kuiongoza. Mwaka ule vijana wengi walitembea nchi nzima kwa ajili ya Azimio. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Rais angeweza kupeleka salamu za pongezi na kupanda ndege. Akatembea yeye, siku kadhaa, katika jua hilihili lililokuwa linanichoma shingo. Watu wakatoka majumbani kumwona na kutembea naye kipande. Nikiwa nimekaa chini ya mti na tyubu mkononi, nilimpenda sana mtu yule. Halafu nikakumbuka kwamba miaka saba baadaye, katika eneo hilihili, watu walitembea tena, na safari hiyo hawakuchagua.

Bibi anakaa nje kidogo ya Bunda mjini, kwenye kijiji hichohicho alichohamishiwa. Tulimwamkia, akatupokea kwa jina la mura sote wawili, mimi na Fundi, akacheka alipoambiwa Wakili amekanyaga kutoka Musoma. Akatupa ugali wa mtama na samaki. Tulipokwisha kula akamuuliza mjukuu wake kama tumepita kwa Nyerere. Wakili akasema tumepita. Bibi akauliza kama amemsalimia. Wakili akatazama sahani.

Bibi hakusema kitu wakati ule. Alituonyesha cheti. Kilikuwa kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia yake: cha elimu ya watu wazima, cha kusoma na kuandika. Alisoma hapo kijijini jioni baada ya shamba, miaka miwili baada ya kuhamishwa, na mwalimu akiwa kijana aliyemzidi yeye umri. Biblia anaisoma mwenyewe mpaka leo, kwa miwani iliyofungwa uzi. Nikadhani, kwa ujinga wangu, kwamba sasa atasema yamekwisha. Hakusema hivyo. Akasema nyumba yake ilikuwa na ghala mbili za mtama, zote zimejaa, na kwamba aliyeichoma alikula kwake mara nyingi. Alifariki mwaka juzi na yeye hakwenda msibani.

Kisha akauliza kama baiskeli zetu zinaweza kubeba mtu.

Kesho yake asubuhi tulifunga mto wa kulalia kwenye keria ya baiskeli ya Fundi, ambayo ndiyo imara kuliko zote, tukampandisha bibi. Alikaa upande mmoja, kanga ya pili kichwani, mkono kwenye mkanda wa Fundi. Wakili alikanyaga ubavuni, mimi nyuma na gurudumu langu linalolia. Simu ilihesabu kilomita saba na mita mia mbili. Dakika 34, pamoja na kusimama mara mbili kuwasalimu watu wake.

Pale hapana kitu. Pana mkuyu mkubwa, pana mawe matatu ya jiko yaliyozama ardhini, na makaburi mawili, la mama mkwe wake na la mtoto wake wa kwanza aliyefariki kwa surua. Mbuzi wa watu walikuwa wanakula majani juu yake. Akawafukuza kwa kanga. Akainama kung'oa magugu, na sisi tukainama, tukang'oa mpaka jua lilipokuwa kali. Alituambia siku ile walitoka asubuhi wakafika jioni. Mume wake alibeba mlango kichwani. Aliung'oa kabla moto haujafika, kwa sababu mbao ni ghali na mlango hauungui kwa amri ya mtu. Ndio mlango ulio kwenye nyumba yake mpaka leo, na mimi nilikuwa nimeupita usiku na asubuhi bila kuutazama.

Nikamuuliza, kwa aibu, kama amemsamehe Mwalimu. Akaniuliza mimi baba yangu ni nani, nikamweleza habari ya mbuyu na mwalimu wa darasa la saba. Akatikisa kichwa kwa muda. Akasema mtu akishazikwa unakwenda kumsalimia, na yale unayomdai unamwambia palepale, si nyumbani kwako kwa wajukuu. Yeye hajapata nauli tu.

Wakati wa kurudi Wakili alikataa bibi asipande kwa Fundi. Alihamisha mto kwenye keria yake mwenyewe, nyembamba, isiyofaa, tukaifunga kwa mpira. Kwenye mwinuko wa mwisho Fundi alijitolea kusukuma, akafukuzwa. Walikuwa wanaongea Kiikizu, sikuelewa hata neno moja isipokuwa Butiama.

Tumepanga safari ya mwakani. Tutatoka Bunda, siyo Musoma, na Fundi ameshaanza kutengeneza keria pana ya vyuma yenye sehemu ya kuweka miguu. Mlinzi wa baiskeli atakuwa mimi.